Mpangaji wa Mti wa Sabali

Mti wa sabali, wa jamii ya mitende, haujisafishi. Kuti lake likizeeka hukauka na kuanguka, lakini kitako cha kuti, kikiwa kimepasuka katikati, hubaki kimeng'ang'ania shina kwa miaka mingi. Juu yake hubaki kingine, kisha kingine, vikipishana kushoto na kulia hadi shina lote linafunikwa. Kati ya kila kitako na shina pana mfuko mdogo, na humo hudondokea kila kitu: majani makavu, vumbi, kinyesi cha ndege, maganda ya mbegu, mizoga ya wadudu. Mvua huloweka, joto huozesha, na baada ya miaka mfuko unakuwa umejaa mboji nyeusi, laini, yenye unyevu, huku ukiwa mita mbili tatu juu ya ardhi. Aliyekulia Kigoma au Uvira hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa mchikichi nao una tabia hiyo hiyo, na mchikichi mzee usiopogolewa huwa umejaa makangaga toka chini hadi karibu na kilele.

Katika mifuko hiyo ya sabali, kusini mwa jimbo la Florida nchini Marekani, huishi kangaga ambalo wataalamu huliita Cheiroglossa palmata na wenyeji huliita kangaga la mkono. Ni adimu. Jimbo la Florida limeliweka kwenye orodha ya mimea yake iliyo hatarini kutoweka, na mtu anaweza kushinda kutwa kwenye kinamasi chenye mamia ya sabali asilione hata moja. Asiyejua lilivyoumbika hataelewa kwa nini linapotea, wala kwa nini njia zilizozoeleka za uhifadhi, kama kulihamishia bustanini au kuulinda mti unaolibeba, hazijalisaidia sana.

Kinachoonekana kwanza ni jani, na jani hilo linaning'inia. Kikonyo chake kirefu na laini hutoka mfukoni, hupinda kwa uzito wake, na mwishoni hutanuka kuwa bapa la kijani lililogawanyika vidole. Mmea mchanga huwa na jani dogo lisilogawanyika, lenye umbo la ulimi. Kadiri unavyokomaa ndivyo majani yake mapya yanavyopata vidole viwili, vitatu, na hatimaye vitano au zaidi, vyote vikielekea chini. Jani la mmea mkubwa linaweza kuning'inia kwa sentimita 40 hivi. Ukilishika ni teketeke, nene kidogo, na linateleza. Ukiliinua kwenye mwanga unaona mishipa iliyoungana kuwa wavu, bila mshipa mkuu wa katikati wala matawi yaliyopangika kama ya makangaga yaliyozoeleka.

Hata namna linavyochipua ni tofauti. Karibu kila kangaga duniani huanza likiwa limejiviringa kama konokono, kisha hujikunjua taratibu kuelekea juu. Hiyo ndiyo alama ambayo wanafunzi hufundishwa kuyatambua makangaga kwayo. Kangaga la mkono na jamii yake yote, Ophioglossaceae, hayana alama hiyo. Jani huchomoza likiwa limenyooka au limejikunja kidogo tu, na mtu asiyelijua angeapa kwamba anatazama mmea wa maua.

Kisha vipo vijiti. Pale kikonyo kinapokutana na bapa, ukingoni kabisa, hujitokeza vijiti vidogo vya kijani kilichoelekea manjano, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita chache. Jamaa zake waishio ardhini, ambao ni wengi kuliko yeye, kwa kawaida huwa na kijiti kimoja tu kwenye kila jani, nacho husimama wima. Kangaga la mkono linaweza kuwa na kadhaa kwenye jani moja, wakati mwingine zaidi ya kumi, vikiwa vimepangana pande zote mbili za shingo ya jani. Hakuna kangaga jingine Florida lenye mpangilio huo. Anayekiona kijiti kimoja tu cha aina hiyo kikining'inia kwenye sabali hana haja ya kitabu cha kumthibitishia.

Vijiti hivyo ndivyo vyenye kazi ya uzazi. Kangaga la kawaida hubeba spora, yaani zile chembe laini kama vumbi ambazo humwagwa badala ya mbegu, upande wa chini wa jani, ndani ya madoa ya rangi ya kahawia. Kila doa ni kundi la vifuko vyenye ukuta mwembamba wa seli moja, na kila kifuko kina mkanda wa seli nene unaokizunguka. Hewa ikikauka mkanda hunyooka kwa nguvu, kifuko hupasuka, kisha mkanda hurudi ghafla na kuzirusha spora. Kwa kawaida kifuko kimoja kina spora 64. Ni mtambo wa ajabu kweli, na makangaga mengi sana yaliyopo leo yanautumia.

Kangaga la mkono halina mtambo huo. Vifuko vyake vimezama ndani ya kijiti katika safu mbili, ukuta wake una tabaka kadhaa za seli, na mkanda wa kurushia haupo. Kifuko kikiiva hupasuka kwa ufa wa kukingama, na spora hutoka polepole zikisubiri upepo. Kinachokosekana kwa nguvu kinafidiwa kwa wingi, kwani kila kifuko hubeba maelfu ya spora. Vifuko vinene vya namna hii ndivyo vilivyowafanya wataalamu waiite jamii hii makangaga ya kale, maana mimea ya zamani sana, ile ya enzi za misitu iliyozaa makaa ya mawe, nayo ilikuwa na vifuko vya ukuta mnene.

Neno hilo la kale linahitaji uangalifu. Hakuna mmea ulio hai leo ambao uliacha kubadilika. Mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Kathleen Pryer lilichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa vinasaba vya makangaga na jamaa zake, na matokeo yalionyesha kuwa ndugu wa karibu zaidi wa Ophioglossaceae ni Psilotum, mmea usio na mizizi wala majani ya maana, wenye vijiti vya kijani vinavyogawanyika mara mbili mbili. Psilotum hupatikana Afrika Mashariki pia, na huko Florida hupenda kuota kwenye vitako vile vile vya sabali. Ndugu hao wawili walijitenga mapema na ukoo uliozaa makangaga mengi ya leo. Hata hivyo mabaki yao ya mawe ni machache mno. Mojawapo ya mabaki yanayojulikana vizuri ni Botrychium wightonii kutoka Alberta, Kanada, lililoelezwa na Gar Rothwell na Ruth Stockey mwaka 1989, nalo ni la kipindi cha baada ya kutoweka kwa dinosaria. Ukoo ni mkongwe kuliko ushahidi wake wa mawe.

Ukongwe huo umeacha alama ndani ya seli. Mwanaukoo mmoja, Ophioglossum reticulatum, ambao ni mmea mdogo wa nyasini unaoota pia Kenya, Tanzania na Uganda, una kromosomu 1,260 katika kila seli ya kawaida. Binadamu ana 46. Hakuna mmea mwingine wala mnyama aliyewahi kuhesabiwa kuwa na idadi kama hiyo. Mmea huo unaweza kukanyagwa na ng'ombe bila mtu kuutambua.

Ili kuelewa hatari inayolikabili kangaga la mkono, lazima kuingiza vidole ndani ya mfuko. Humo, chini ya vikonyo vyote, limejificha shina fupi lenye umbo la kitunguu kidogo, limefunikwa manyoya marefu, membamba, ya rangi ya hudhurungi iliyofifia. Manyoya hayo huonekana kwa urahisi mtu akijua pa kutazama, na ni njia mojawapo ya kulitambua kangaga hata majani yakiwa yameanguka. Kutoka kwenye shina hilo mizizi husambaa ndani ya mboji. Ni minene, minyofu, na haina vinywele vya kufyonzea maji kama ilivyo mizizi ya mimea mingi. Kazi ya vinywele imekabidhiwa kuvu. Nyuzi za kuvu huingia ndani ya seli za mizizi, kisha hutandaa kwenye mboji na kuleta maji na madini.

Maisha ya kangaga hili huanzia gizani kabisa. Spora ikianguka juu ya kitako cha kuti haichipui hapo. Lazima mvua iisukume ndani, ipite kwenye majani yaliyooza mpaka pasipofikiwa na mwanga, kwa kuwa spora za jamii hii huota gizani. Ikiota hutoa kitu ambacho hakifanani hata kidogo na kangaga, kipande chembamba cha nyama ya mmea, cheupe au cha hudhurungi, chenye matawi mafupi, kisicho na klorofili na hivyo kisichoweza kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kinaishi kwa kuvu pekee. Kuvu wasipokuwepo, au wakiwepo wa aina isiyofaa, hufa kingali kidogo. Wakiwepo, hukua taratibu mbojini, na siku moja mbegu za kiume zenye mikia huogelea kwenye utando wa maji hadi kwenye yai. Hapo tu ndipo kangaga lenye jani huanza, na jani lenyewe huchukua muda kabla ya kuufikia mwanga.

Mwaka 1974 mtaalamu wa mimea Michael Mesler alichapisha katika American Fern Journal utafiti juu ya maisha ya asili ya kangaga hili kusini mwa Florida, na mwaka uliofuata akaeleza kwa kina hatua hiyo ya gizani, kutokana na vipande alivyovikuta kwenye mboji ya sabali. Ni kazi ya subira ambayo haijapata sifa inayostahili. Kuchambua mboji kiganja kwa kiganja, kutafuta kitu chenye urefu wa milimita chache kinachofanana na mzizi uliokufa, ni kazi ambayo wengi wasingeianza. Bila kazi hiyo, walinzi wa mbuga wangekuwa wanalinda majani tu.

Kangaga la mkono lilijulikana Ulaya miaka mingi kabla ya hapo. Charles Plumier, mtawa wa Kifaransa aliyezaliwa Marseille mwaka 1646, alitumwa visiwa vya Karibi mara kadhaa kuanzia 1689, na huko akachora mamia ya mimea kwa mkono wake. Kitabu chake cha makangaga ya Amerika kilitoka mwaka 1705, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na ndani yake limo kangaga hili, vidole vyake na vijiti vyake vikionekana wazi. Linnaeus alitegemea mchoro huo alipolipa jina la kisayansi mwaka 1753. Linapatikana Karibi, Meksiko na Amerika ya Kati hadi Brazili, kwenye miti mbalimbali yenye mboji mashinani, na mimea ya aina yake imepatikana pia Madagaska na Réunion, upande huu wa Bahari ya Hindi. Florida ndiyo ukingo wa kaskazini wa makazi yake. Mmea unaoishi ukingoni huwa hauna akiba. Kinachoujeruhi kidogo kwingine huuangamiza huko.

Na huko ukingoni majeraha yalikuwa makubwa. Mwaka 1881 tajiri kutoka Philadelphia, Hamilton Disston, alinunua ekari milioni nne za ardhi ya jimbo la Florida kwa dola milioni moja, akaanza kuchimba mifereji ya kutoa maji. Mwaka 1905 Napoleon Bonaparte Broward aliingia madarakani kama gavana akiwa ameahidi kuikausha Everglades, nyika ile kubwa ya maji inayotambaa polepole kutoka Ziwa Okeechobee kuelekea kusini. Mifereji ilichimbwa. Baada ya mafuriko ya 1947 ikaongezwa mingine kwa mpango wa serikali kuu, pamoja na matuta na mitambo ya kusukuma maji. Mashamba ya miwa na mboga yakafunguliwa, miji ikatanuka.

John Kunkel Small, mtaalamu wa mimea wa Bustani ya Mimea ya New York, alikuwa akisafiri Florida mara kwa mara tangu 1901. Aliviona visitu vya majani mapana vilivyojaa okidi na makangaga, na aliporudi miaka michache baadaye akakuta majivu. Mwaka 1929 alichapisha kitabu kifupi chenye kichwa From Eden to Sahara, akieleza jinsi ukaushaji na moto vilivyoigeuza bustani hiyo kuwa jangwa. Atakayekisoma leo, akiwa na ramani ya mifereji mkononi, ataona kwamba Small alisema alichokiona, na tena mapema.

Moto ndio kiini cha habari yote. Florida ni nchi ya radi, na moto wa radi ni sehemu ya maisha yake ya asili. Misitu ya misonobari na nyika zake za nyasi huhitaji kuungua kila baada ya miaka michache. Zamani moto huo ukifika kwenye kinamasi ulikutana na maji yaliyosimama, mboji iliyolowa na hewa nzito yenye unyevu, ukazimika wenyewe. Mifereji ilipoyashusha maji, ukingo huo wa kuzuia moto ulitoweka. Moto sasa huingia ndani ya kinamasi mwishoni mwa kiangazi, Aprili na Mei, na kupanda juu ya sabali kwa kutumia vitako vilivyokauka.

Hapo ndipo ugumu wa kulihifadhi kangaga hili ulipo. Sabali haifi kwa moto kirahisi. Kilele chake, kilichofichwa katikati ya makuti, hunusurika, na baada ya majuma machache mti hutoa makuti mapya. Kilichoungua ni vitako, na ndani ya vitako ni mboji, na ndani ya mboji ni kangaga, kuvu wake, na vile vipande vya gizani ambavyo vingekuwa makangaga ya miaka ijayo. Kwa mpita njia mti umepona. Mwanahesabu wa misitu atauhesabu kuwa hai, na atakuwa sahihi. Mpangaji wake hayupo tena.

Mbuga jirani mbili, Fakahatchee na Picayune, zinaonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Fakahatchee, karibu na pwani ya kusini-magharibi ya Florida, ni kinamasi kirefu cha msitu kinachofuata mkondo wa maji wa asili. Misaiprasi yake mikubwa ilikatwa kwa ajili ya mbao katika miaka ya 1940 na 1950, na reli za kusombea magogo zikapitishwa katikati. Mwaka 1974 jimbo likaanza kuinunua ardhi hiyo na kuifanya hifadhi. Ingawa miti mikubwa ilikwisha, maji katika vijito vya ndani yalibaki ya kutosha. Yanapunguza baridi wakati wa usiku wa jalidi, yanaizuia hewa isikauke, na makangaga ya mkono yangali yanaishi humo.

Picayune, upande wa magharibi, ilipata kisa kingine. Katika miaka ya 1960 kampuni moja ya ardhi ilichimba mifereji na kukata barabara kwenye kinamasi hicho ili kuuza viwanja vya nyumba kwa wanunuzi wa mbali, ambao wengi wao hawakuwahi kufika. Mji ulioahidiwa haukujengwa. Mifereji yenyewe ilifanya kazi vizuri mno. Ilikausha Picayune, na mmoja wao, Prairie Canal, ukawa unayavuta hata maji ya Fakahatchee. Moto ukafuata wakati wa kiangazi. Kilichoshangaza ni kwamba sabali ziliongezeka. Ziliota kwa maelfu pale ambapo zamani misaiprasi ilisimama majini, kwa sababu ukavu na moto ambao huiua miti mingine huziacha zenyewe. Kama idadi ya sabali peke yake ingetosha, Picayune ingekuwa makao makuu ya kangaga la mkono. Haikuwa hivyo, maana nyumba zake, yaani sabali, zilikuwepo kwa maelfu huku hewa, maji na mboji inayodumu vikiwa vimeondoka.

Wapo pia wanaoharibu kwa kupenda. Florida ina wakusanyaji wa mimea adimu, na wizi wa okidi ndani ya Fakahatchee ndio uliozaa kitabu maarufu cha Susan Orlean cha mwaka 1998. Kangaga la mkono nalo limewahi kung'olewa na watu waliotaka kuwa nalo nyumbani. Wizi huu hauna faida hata kwa mwizi. Kuling'oa ni kukata mizizi minene isiyo na vinywele na kuliachanisha na kuvu wake. Kwenye chungu majani hudumu kwa muda kwa akiba iliyomo shinani, kisha hunyauka bila kurudi. Hata mikono yenye utaalamu haijapata njia ya kuaminika ya kulistawisha. Sababu hiyo hiyo inawanyima wahifadhi njia rahisi ya kulizalisha kwenye vitalu na kulirudisha porini, kama inavyofanywa kwa okidi kadhaa.

Nyumbani na barabarani uharibifu hufanywa kwa jina la usafi. Sabali ni mti rasmi wa jimbo tangu 1953 na hupandwa kila mahali, lakini wenye bustani wengi hupenda shina laini, hivyo vitako hukwanguliwa vyote. Mti huo mzuri, uliosimama mbele ya benki au hoteli, hauwezi kuhifadhi hata kiganja cha mboji.

Hatari nyingine imetoka upande wetu wa dunia. Lygodium microphyllum ni kangaga litambaalo, asili yake tropiki za Afrika, Asia na Australia, nalo lipo katika maeneo yenye maji ya Afrika Mashariki bila kumsumbua mtu. Lilipelekwa Florida kama pambo, na katika miaka ya 1960 likaonekana likiota lenyewe katika Kaunti ya Martin. Jani lake moja linaweza kurefuka mpaka mita 30, likijizungusha kwenye mti hadi juu na kuufunika mzima. Jani likikauka linakuwa ngazi ya moto, na mwali ambao ungepita chini sasa hupanda mpaka kileleni. Kwa mmea unaoishi mita mbili tatu juu ya ardhi, ndani ya kitako kikavu cha kuti, hakuna adui mbaya kuliko huyo. Mwaka 2008 watafiti walianza kuwaachia nondo wadogo, Neomusotima conspurcatalis, katika Mbuga ya Jonathan Dickinson, baada ya kuthibitisha kwamba viwavi wao hula Lygodium bila kudhuru mimea ya hapo. Nondo hao wamestawi Florida na hutafuna maeneo makubwa hadi yanakuwa ya kahawia, ingawa kangaga hilo bado halijashindwa.

Mti wenyewe nao umepata ugonjwa. Mwaka 2006 Florida iligundua maradhi ya jamii ya minazi na mitende yanayosababishwa na fitoplasma, vijidudu visivyo na ukuta wa seli vinavyoishi kwenye mirija ya chakula ya mmea na kusambazwa na mdudu mfyonza utomvu. Makuti hugeuka rangi ya shaba kuanzia yale ya chini, kisha jani changa la katikati hufa, na mti haurudi. Wakulima wa minazi wa pwani ya Tanzania wanaujua ukoo huo wa vijidudu kwa msiba wao wenyewe, maana ndio uliomaliza minazi mingi kwa kunyong'onyea. Sabali ni miongoni mwa miti inayoambukizwa huko Florida, na hakuna tiba ya kuuponya mti ulioonyesha dalili porini.

Juhudi kubwa kuliko zote ni ya maji. Mwaka 2000 Bunge la Marekani liliidhinisha mpango wa kuirejesha Everglades, na Picayune ikawa kati ya miradi ya kwanza kuanza. Kazi iliyopangwa ilikuwa kuziba kilomita 77 za mifereji na kuondoa zaidi ya kilomita 400 za barabara katika eneo la hekta 22,000 hivi, huku mitambo mikubwa ya pampu ikiyatawanya maji juu ya ardhi badala ya kuyapeleka baharini. Prairie Canal, ule uliokuwa unainyonya Fakahatchee, ulizibwa kwanza, na kazi hiyo ilikamilika kufikia 2007. Maji yalirudi juu ya ardhi katika sehemu hiyo ndani ya misimu michache ya mvua.

Wasimamizi wa mbuga huchoma moto wa kupangwa wakati ardhi bado ina unyevu, ili nyasi na majani yapungue kabla ya kiangazi kikali, na moto wa radi ukija usipate kuni za kuufikisha ndani. Huziua pia baadhi ya sabali zilizovamia makazi ya misaiprasi. Mtu asiyejua angeshtuka kuona wahifadhi wakiua mti unaobeba kangaga adimu, lakini sabali hizo za maeneo yaliyokaushwa hazina kivuli wala unyevu unaohitajika. Zinazofaa ni zile zilizo kando ya vijito, chini ya miti mingine, zenye vitako vya miaka mingi ambavyo havijawahi kuguswa na moto. Kwa hizo, kazi ya mhifadhi ni kuhakikisha maji hayashuki, watu hawaelekezwi zilipo, na hakuna anayezikwangua. Sabali inayochipua leo pembezoni mwa Picayune, maji yakikaa, itahitaji makumi ya miaka kujenga shina lake, kuangusha makuti yake ya kwanza na kukusanya mboji ya kutosha ili spora iliyopeperushwa kutoka Fakahatchee ipate pa kuota.